Namba ya Damu ya Zita

Daktari Sulle aliuliza tena, na Marieta akajibu vile vile alivyojibu wiki mbili zilizopita.

"Mama, kuna kitu kingine Zita anatumia nyumbani? Dawa ya mitishamba, ya kanisani, ya dukani, chochote?"

"Hakuna."

"Kabisa?"

"Daktari, nimesema hakuna. Unataka niape?"

Daktari akacheka kidogo, akaandika. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayemwamkia kila mama shikamoo kabla hajafungua faili, na upole huo ndio uliomfanya Marieta ashindwe kumtazama machoni. Pembeni yake Zita, binti yake wa miaka kumi na tano, alikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto kaunyoosha juu ya stuli. Alimtupia mama yake jicho mara moja, halafu akageukia kalenda ya ukutani.

"Sasa mbona namba imeruka?" daktari akauliza. "Nne nukta saba. Zita, unameza kidonge mara moja kwa siku, au unajisahau unameza mara mbili?"

"Mara moja, daktari. Saa kumi na mbili jioni."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Maana nyie wa umri huu mkishika simu hamkumbuki hata kama mmekula."

Zita akarudisha macho kwenye kalenda. Marieta akamwacha mtoto abebe lawama. Daktari akapunguza dozi, akaandika tarehe ya kurudi, wakatoka.

Namba yenyewe ilikuwa hivi: ikiwa chini ya mbili, damu inaganda. Ikivuka tatu, damu inakuwa nyepesi mno, na mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani bila kujikwaa popote. Zita alitakiwa aishi kati ya mbili na tatu. Kujua yuko wapi kulimgharimu kila safari saa mbili za gari kwenda na mbili kurudi, kwa sababu zahanati ya karibu ina jengo, ina rangi mpya, ina jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Kipimo hicho haina. Marieta alilisema hilo kwenye mkutano wa kijiji mwaka juzi na mwaka jana. Mara zote mbili liliandikwa kwenye muhtasari, na mara zote mbili waliitikia "limepokelewa." Likapokelewa hadi leo.

Mambo yalianza mwezi wa sita. Zita yuko kidato cha pili, anarudi nyumbani likizo, bodaboda ikateleza kwenye mteremko wa kuingia kijijini kwao, upande wa Bashay kule Mbulu. Dereva aliinuka akijipangusa vumbi. Zita hakuinuka. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika, akafungwa plasta kuanzia pajani hadi vidoleni, akaambiwa akae na asikanyage. Akakaa. Mtoto mtiifu, alikaa wiki tano kama alivyoambiwa, na wiki ya tano paja likavimba hadi kwenye kinena, likawa na rangi ya zambarau iliyoiva. Kipimo cha picha kikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa paja.

"Mtoto anagandaje damu?" Pascal, baba yake Zita, aliuliza siku hiyo. "Si ugonjwa wa wazee na wanene?"

"Hata watoto wanaganda, baba, ni wachache tu," daktari alisema. "Mguu uliovunjika, kukaa bila kutembea, inatosha."

Akawaeleza kwa lugha ya mfereji, kwa kuwa aliona ni wakulima wa kumwagilia. Mshipa ni mfereji, umejaa tope. Sindano na vidonge havizoi tope. Vinazuia tope jipya lisije juu ya lile la zamani. Anayechimba ni mwili wenyewe, polepole, kwa miezi. Dawa ikipungua, tope linaongezeka, na bonge likikatika linasafiri na maji mpaka kwenye mapafu. Hapo ndipo watu wanapokufa.

Marieta alielewa kila neno. Hili lazima lisemwe, kwa sababu watu wa hospitali wana tabia ya kudhani aliyekosea hakuelewa.

Mwezi wa nane vitunguu saumu vikakomaa. Asiyewahi kuingia vijiji vile wakati wa mavuno hajui harufu ni nini. Vinang'olewa, vinaanikwa shambani vikiwa vimefunikwa na majani yake vyenyewe, halafu watu wanakaa chini siku nzima na visu, wanakata mizizi na mikia, wanachambua vikubwa na vidogo. Nguo zinanuka, chai inanuka, noti zinanuka, padri akikupa mkono unanuka. Zita hakuweza kung'oa, basi alipewa kisu na gunia la kukalia. Na mama mkwe wa Marieta, Bibi Rogathe, alimtazama mjukuu wake siku mbili, ya tatu akachukua kinu.

"Kitunguu kinayeyusha damu," alisema. "Babu yenu alikuwa na presha, nani alimweka miaka kumi na moja? Hospitali? Ni mimi na hiki kinu."

"Bibi, daktari alisema tusichanganye," Zita alisema.

"Daktari amesema dawa. Hiki ni chakula. Wewe unakula ugali na dawa, umechanganya?"

Vichwa viwili vizima asubuhi, viwili jioni, vimetwangwa, vimekorogwa na asali na maziwa ya uvuguvugu. Zita alikunywa kwa kubana pua. Marieta alisimama mlangoni akiona, na hakumzuia. Alifikiri kama wengi wanavyofikiri mtoto wao akiwa na paja la zambarau: mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukisukuma, gari litatoka kwenye matope mapema zaidi.

Lakini kwa nini hakusema kliniki? Hapo lazima turudi nyuma, mwaka wa mvua za El Nino, ambao wengi hawautaki kwenye mazungumzo.

Mwaka ule Bibi Rogathe alimbeba mtoto wake wa mwisho, Monica, miaka minne, homa kali, akavuka mito iliyojaa mpaka hospitali moja ambayo siku hizi ina uongozi mwingine na mabati mengine. Kwenye kikapu alikuwa na kibuyu cha dawa ya mizizi. Muuguzi alikiona. Hakumuuliza amempa mtoto kiasi gani, wala lini. Alikitoa nje, akakimwaga uani mbele ya kina mama wote waliokuja kuuguza, akamwambia mama yule afagie. "Mnawaua watoto kwa uchafu wenu, halafu mnatuletea sisi maiti." Rogathe alifagia. Siku ya tatu Monica akafa, na kina mama wale wakarudi vijijini kwao na habari kwamba mke wa fulani amemuua mtoto wake kwa mizizi. Malaria haikutajwa popote. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyeomba radhi. Lakini tangu siku ile, katika ukoo ule, mtu mwenye koti jeupe akiuliza kama kuna kitu kingine, jibu ni hakuna. Marieta aliolewa akalikuta jibu hilo ndani ya nyumba, akafundishwa kama alivyofundishwa ng'ombe gani anakamuliwa na nani.

Basi daktari akawa anapunguza dozi. Nne nukta saba, akapunguza. Fizi za Zita zikatoka damu akipiga mswaki. Namba nne nukta moja, akapunguza tena. Safari ya tatu ikawa mbili nukta sita, daktari akapiga meza kwa furaha. "Safi! Hapo hapo." Hakuweza kujua kwamba nusu ya namba ile ilitoka kwenye kinu. Harufu ingemwambia, lakini mwezi ule kila aliyepita mlango wake alinuka vivyo hivyo.

Njiani kurudi, Zita aliuliza, "Mama, kwa nini hatumwambii?"

"Umesikia namba ni ngapi?"

"Mbili nukta sita."

"Si nzuri?"

"Nzuri."

"Basi unataka nini tena? Unataka bibi yako afagie uwanja uzeeni?"

Zita hakuuliza tena.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi mambo matatu yalitokea wiki moja, na hakuna aliyeyaunganisha. Lori la mnunuzi lilikuja likabeba vitunguu vyote, vikabaki vya mbegu tu, na vya mbegu haviguswi hata mtu akiwa anakufa. Bibi Rogathe akapanda gari kwenda Jorodom, mjini Katesh, ambako binti yake alikuwa amejifungua na nyumba yao mpya, iliyojengwa baada ya matope ya Mlima Hanang kuporomoka na kufukia ile ya zamani, haikuwa na mtu mzima wa kukaa na mzazi. Na Zita akarudi shuleni, bweni, na vidonge vyake kwenye kopo la mafuta ya mgando lililooshwa, kwa dozi ile ndogo. Alimeza kila jioni. Matroni alimwona akimeza.

Siku ya kumi na nane ya Zita bwenini simu ikaita Marieta akiwa anachota maji.

"Mama Zita? Mimi ni matroni. Usishtuke."

Mtu akiambiwa asishtuke ameshaambiwa.

"Amekuwa akilalamika mguu tangu Jumatatu, tukajua ni baridi. Leo asubuhi amepanda ngazi za darasani akashindwa kupumua. Anasema kifua kinachoma upande mmoja. Tuko kwenye gari, tunampeleka."

Marieta aliacha ndoo pale pale. Hakuhitaji kusubiri daktari amwambie. Alipokuwa anafunga kanga alikuwa ameshahesabu: lori lini, Bibi lini, dozi lini.

Walimkuta Zita na mpira wa oksijeni puani, midomo imepauka, anahesabu pumzi zake kama mtu anayepanda mlima na gunia. Daktari Sulle alikuwa na karatasi mkononi, na safari hii shikamoo yake ilikuwa ya haraka.

"Moja nukta tatu," alisema. "Kipande kimekatika kikaenda kwenye pafu. Tumeanza sindano upya. Lakini nataka mnisaidie kitu. Mtoto alikuwa mbili nukta sita. Akaenda shule, akawa moja nukta tatu. Hiyo ina maana moja tu. Hamezi."

"Nameza," Zita alisema. Ilimchukua pumzi mbili kulisema neno hilo.

"Zita, sikugombezi. Wengi wa umri wako wanaacha. Wanaona mguu umepungua, wanaona aibu mbele ya wenzao."

"Nameza kila siku, daktari. Muulize matroni."

"Matroni anaona unaweka mdomoni. Haoni unatema."

Machozi yakamtoka mtoto, na kulia kukamzidishia kukosa pumzi, muuguzi akamsogelea. Daktari akaandika kwenye faili. Marieta hakusoma sana, aliishia darasa la saba, lakini herufi alizijua hata zikiwa kichwa chini. *Mgonjwa hafuati dawa.*

Pascal alimvuta mkewe kwenye korido.

"Najua unachofikiria," alisema. "Usiseme."

"Atampa dozi gani, Pascal? Ataongeza akidhani alikuwa anatema. Mama yako atarudi, atatwanga tena. Huyu mtoto ataganda au atavuja, kimojawapo."

"Tutamwambia mama asitwange. Yaishe nyumbani."

"Na hilo lililoandikwa?"

"Karatasi! Karatasi itamfanya nini? Mama Zita, nilikuwa na miaka tisa. Nilishika kikapu wakati mama anafagia. Unataka nimwone tena anafagia?"

Marieta akachukua simu, akapiga Jorodom. Alitaka ruhusa, ndiyo haki ya mkwe wake, na ndiyo heshima. Alieleza yote kwa ufupi. Upande wa pili kichanga kilikuwa kinalia.

"Anapumua?" Bibi Rogathe aliuliza.

"Anapumua kwa mashine."

"Basi kaa naye. Mpe uji."

"Mama, naomba nimwambie daktari habari ya vitunguu."

Sauti ya mzee ikaja, kavu: "Usithubutu kunitaja humo ndani. Ukinitaja, mimi na wewe tumemalizana." Simu ikakatwa.

Marieta alisimama na ile simu. Mbele yake mlango wa wodi ulikuwa wazi nusu, akauona mguu wa mwanawe, ule wa kushoto, mnene kama wa mtu mwingine. Akaingia.

"Daktari," alisema, palepale, mbele ya wagonjwa sita na wauguzaji wao. "Mtoto hatemi. Nilikudanganya mimi. Alikuwa anakunywa vitunguu saumu, vichwa vinne kwa siku, vimetwangwa, tangu mwezi wa nane. Uliponipa ile namba nzuri, vilikuwemo. Vimekwisha mwanzoni mwa mwezi huu."

Mama mmoja kitanda cha dirishani akanong'ona, "Yesu."

"Vichwa au punje?" daktari aliuliza.

"Vichwa."

Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu. "Mama. Nimekuuliza mara tatu."

"Mara nne."

"Mara nne! Nimepunguza dozi kwa sababu yako. Ungesema siku ile, huyu mtoto asingekuwa hapa. Kwa nini hukusema? Nilikuuliza vibaya? Nilikukaripia?"

"Wewe hapana."

"Nani sasa?"

Hapo Marieta akapandwa na hasira, na haikuwa hasira ya siku hiyo. "Nyie!" alisema. "Nyie mnasahau, mnahamishwa, mnastaafu, anakuja mwingine na kalamu mpya, anashangaa kwa nini hatusemi. Sisi hatuhamishwi. Mlimwaga dawa ya mama mmoja uani, mkampa fagio, mtoto wake akiwa anakata roho ndani. Wewe ulikuwa hujavaa hata suruali. Lakini koti ni lile lile. Mnauliza swali, na sisi tunaona fagio nyuma ya mgongo wenu. Leo nimelijibu. Nipe fagio nifagie, lakini mpe mtoto dozi yake."

Hakuna aliyeleta fagio. Daktari Sulle alichukua kalamu, akauliza tena kwa sauti ya kazi: vichwa vikubwa au vidogo, nani alivitwanga, tarehe gani aliacha, na asali kiasi gani, na mboga za majani, ambazo hushusha namba, alikula mara ngapi pale shuleni. Marieta akajibu kila kimoja. Daktari alikiri kwamba hata vitabu vinabishana kuhusu kitunguu, vingine vinasema kinaongeza namba kidogo, vingine hakiongezi. Lakini vichwa vinne kwa siku hakuna aliyevipima, na namba za Zita zilikuwa zinasema zenyewe. Akarudisha dozi ya zamani, ile ya mwezi wa saba, na sindano ziendelee mpaka namba ipande na ikae.

Ilipanda siku ya saba. Ikakaa. Zita alitoka hospitali siku ya kumi na mbili akitembea mwenyewe, polepole.

Bibi Rogathe alirudi kutoka Katesh mwezi wa kumi na moja, na alifanya kama alivyosema. Alihamia kwa mtoto wake mwingine ng'ambo ya korongo. Akikutana na Marieta kanisani, Marieta anaamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa sababu marahaba haikataliwi mbele ya watu, halafu anapita. Pascal hakusema "nilikuambia." Ila alikuwa akienda kumsalimia mama yake peke yake, na akirudi alikula bila kuongea.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata wakaitwa kupima picha ya mwisho. Daktari alizungusha kile kifaa pajani kwa muda mrefu, akafuta mafuta, akasema yote bila kupamba.

"Mfereji umefunguka, lakini si wote. Kuna kovu ndani, na milango ya mshipa imeharibika. Pafu limepona. Tunaacha dawa wiki ijayo. Mguu huu utakuwa unavimba jioni, utauma ukisimama sana. Soksi ya kubana utaivaa miaka, pengine siku zote. Na siku ukija kushika mimba, au ukifanyiwa upasuaji, au ukivunjika tena, kitu cha kwanza kusema ni kwamba uliwahi kuganda damu mara mbili."

"Netiboli?" Zita aliuliza.

"Jaribu. Mguu wenyewe utakujibu."

"Ile ya mara ya pili isingekuja, mguu ungekuwa hivi?"

Daktari alimtazama Marieta kabla ya kujibu. "Labda ungekuwa nafuu. Sijui. Ile ya kwanza peke yake nayo ilikuwa kubwa."

Marieta alilipokea hilo. Hakulia, alikuwa ameshalilia miezi sita. Daktari alipofunga faili, akaweka mkono juu yake.

"Bado, daktari. Fungua ule ukurasa wa mwezi wa kumi."

"Wa nini, mama?"

"Umeandika mwanangu hafuati dawa. Umeniambia sasa hivi akienda kujifungua miaka kumi ijayo watamuuliza. Watafungua hili faili. Watasoma hilo. Watamwona muongo kabla hajafungua mdomo. Futa."

"Faili halifutwi, mama. Ni sheria."

"Mbona fagio halikuwa na sheria?"

Daktari akafungua. Akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, yakabaki yakisomeka chini ya mstari, akaandika pembeni tarehe na sahihi, halafu akaandika mapya. Marieta akalisogeza faili kwa Zita.

"Soma kwa sauti."

Zita akasoma: "Mgonjwa alimeza dawa zote kama alivyoagizwa. Namba ilibadilika kwa sababu ya vitunguu saumu vingi alivyopewa na bibi yake bila hospitali kujua."

"Hapo sipo," Marieta alisema. "Toa bibi."

"Mama, si ndiye aliyetwanga?" daktari akauliza.

"Kutwanga si kosa. Aliyeulizwa mara nne ni nani? Andika mama yake."

Daktari akapiga mstari juu ya neno moja, akaandika lingine juu yake, akasaini tena. Zita akalisoma lile neno kimoyomoyo, akarudisha faili. Wakatoka kwenda kusubiri gari. Benchi lilikuwa limejaa, kijana mmoja akawapisha, na Zita akaunyoosha mguu mapajani mwa mama yake kwa sababu ulikuwa umeshaanza kuvimba.